Upande wa Kulia wa Benchi

Mara ya kwanza Zefania Ramaherison alipopanda ngazi za mtaa wa Faravohitra kwenda nyumbani kwa Bakoly Ralaimihoatra, hakufuata muziki. Alifuata piano, na alikuwa amekusudia kuipata kwa bei ya kuni.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, wakati wa foleni za mchele. Meli zilizotia nanga Toamasina hazikuwa zikileta hata sabuni, sembuse piano. Lakini kule juu Antananarivo, kwenye nyumba za matofali zenye roshani za mbao, kila sebule ilikuwa na piano ya babu, na wajukuu walikuwa wanaziuza moja moja, mapazia yakiwa yamefungwa ili jirani asione. Zefania aliijua biashara hiyo kwa mgongo wake. Alikuwa mtoto wa seremala wa Ambositra aliyeingia mjini kutafuta kibarua. Alizibeba piano hizo ngazini, watu sita na kamba, akaujua uzito wa piano kabla hajaijua sauti yake. Baadaye fundi mmoja mzee wa vinanda vya kanisani alimfundisha kukaza nyuzi. Sasa, akiwa na miaka thelathini na minane, alikuwa na karakana, wapagazi wake mwenyewe, na mteja mkononi: hoteli kubwa iliyokuwa ikitafuta piano ya Kijerumani ya kuweka ukumbini.

Aliyemfungulia mlango ni Lisy, mpishi wa nyumba, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye ulimi usiolala.

"Wewe ndiye yule anayezika piano za watu," alisema. "Ingia. Futa miguu kwanza."

Sebuleni, Bakoly alikuwa amekaa kwenye benchi la piano. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, shali nyeupe begani, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, upande wa kushoto, kama abiria aliyemwachia mwenzake nafasi. Zefania alidhani nafasi ile ni yake. Akasalimia kwa heshima, akainama, akakaa.

"Usikae hapo," Lisy akasema.

"Kwani benchi limeoza?"

"Kilichooza ni kichwa chako. Hapo pana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Ufaransa. Toulouse."

Zefania akamtazama Bakoly, ambaye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anangoja tu ainuke. Akainuka.

Kazi ikaanza. Zefania alibonyeza kibao kimoja, akabonyeza kingine, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. "Mama, nitakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Piano imechoka. Nondo wamekula sufu ya nyundo. Ubao wa sauti una ufa huku nyuma. Nikiichukua najitia hasara, basi tu, nyumba ni ya watu wakubwa."

"Ufa umeuona saa ngapi?" Bakoly aliuliza kwa sauti ya chini. "Mgongo wa piano uko ukutani."

Lisy akacheka mpaka akakohoa. Zefania naye akacheka, maana mfanyabiashara asiyejua kukubali bao moja hatafunga la pili.

"Babu yangu aliinunua kabla reli haijafika huku," Bakoly akasema. "Wanaume arobaini waliibeba kutoka pwani, siku kumi na saba, kwenye misitu na matope. Siiuzi. Nimekuita kwa neno lingine. Sikiliza kwanza."

Akaweka mikono yake miwili kwenye nusu ya chini ya piano na kupiga. Zefania alikuwa amesikia piano nyingi, za wamisionari, za mabinti wa maafisa, za walevi. Hakuwahi kusikia kitu kama hiki. Vidole vya kushoto vilikwenda kwa kupokezana upesi, kama mtu anayepiga zeze la mwanzi la wazee wao, lile liitwalo valiha, na chini yake kulikuwa na hatua nzito za kitu kinachopanda ngazi. Lakini wimbo wenyewe haukuwepo. Ilikuwa harusi iliyotengenezwa yote, wali umeiva, wageni wamekaa, na bibi harusi hajafika. Mara kadhaa Bakoly aliinua uso kuelekea upande wa kulia wa benchi, akangoja, kisha akaendelea.

"Nusu nyingine iko wapi?" Zefania aliuliza alipomaliza.

"Umeisikia kwamba haipo," alisema Bakoly. "Vizuri. Wengi husema tu ni muziki wa ajabu."

Hapo ndipo Zefania alipoyajua mambo ya nyumba ile. Bakoly na dada yake mkubwa, Voahirana, walikuwa wamepiga piano hiyo pamoja tangu miguu yao haijafika sakafuni. Voahirana alikaa kulia, kwenye sauti za juu, Bakoly kushoto. Wakaenda Ufaransa, mmoja kuolewa na daktari, mwingine kusomea utunzi wa muziki Paris kwa miaka saba. Kazi mbili za Bakoly zilipigwa kule katika ukumbi mdogo, na gazeti likampa mistari mitatu. Mwaka wa uhuru Bakoly akarudi. Voahirana alimsindikiza bandarini akamwambia: tangulia, nakuja mwakani. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imepita. Bakoly akafundisha katika shule ya wasichana, na kila alichotunga tangu siku ile alikitunga kwa mikono minne. Alikuwa na vipande vinane. Hakuna hata kimoja alichowahi kukisikia kizima.

"Si umpe mwalimu mwenzako apige huo upande wa juu?" Zefania aliuliza.

"Nguo ya kupimiwa mtu unamvisha jirani?"

Neno lake lilikuwa hili. Piano ile, bila fundi, isingefika mbali. Kiangazi cha baridi kinakausha mbao, masika yanazivimbisha; inataka kukazwa mara mbili kwa mwaka, na yeye mshahara wake ulikuwa unaishia kwenye mchele. Zefania aitunze bila malipo, abadilishe kinachohitaji kubadilishwa. Siku Voahirana atakapokuja kwa famadihana ya baba yao, sherehe ya kumtoa marehemu kaburini na kumfunga sanda mpya, watapiga vipande vyote pamoja, na baada ya hapo Zefania alete wapagazi wake aichukue bure. Bakoly hakuwa na mtoto wa kumrithisha.

Zefania alikuna kidevu. "Baba yupo kaburini mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

Akapiga hesabu kimoyomoyo. Hakuna ukoo wa maana nyanda zile unaomwacha baba na shuka moja zaidi ya miaka saba. Majira yajayo ya baridi watamtoa, watamfunga hariri mpya, watoto wote watakuja hata walioko ng'ambo. Ni aibu kutokuja. Maana yake kuikaza mara mbili, labda tatu, kisha piano ya Kijerumani bure. Alijaribu kuficha furaha.

"Mama unanikaba," alisema. "Lakini basi."

Wakapeana mikono. Lisy alileta maji ya ukoko wa wali yaliyotiwa moto, wakanywa wote watatu. Njiani akishuka ngazi, Zefania alikuwa anapiga mluzi.

*

Majira ya baridi yaliyofuata yalipita, hakuna famadihana. Ya pili yakapita. Zefania alikuja kila mwezi wa tano na kila mwezi wa kumi, akafungua kifua cha piano, akakaza, akabadilisha nyuzi sita kwa waya aliousaka mji mzima, akaweka beseni la maji chini yake ili mbao zisipasuke. Yule meneja wa hoteli akaanza kumkwepa barabarani.

Mwaka huo wa pili redio ya taifa ilimwita Bakoly apige kazi zake hewani. Alikwenda, akakaa upande wa kushoto, akapiga nusu ya chini ya vipande vitatu. Kesho yake redio ilipokea simu kumi na mbili za watu waliosema mitambo ilikuwa mibovu, wamesikia muziki nusu.

"Walikuwa sahihi," Bakoly alisema, akijimwagia chai. "Angalau kumi na wawili wamesikiliza."

Mwaka wa tatu Zefania alichoka kungoja kistaarabu. Alikuwa amelala chali chini ya piano, anafunga kanyagio, akauliza kutoka hukohuko chini: "Mama, baba atatolewa lini?"

"Mwenye neno ni mkubwa."

"Mkubwa gani?"

"Mkubwa wa ukoo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na ndugu zake wote wamekwisha. Aliyebaki mkubwa ni Voahirana. Yeye ndiye wa kusema mwaka huu tumtoe baba."

Zefania akatoka chini ya piano, nywele zimejaa vumbi. "Naye anasemaje?"

"Hajasema."

"Umemuuliza?"

Bakoly alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anampiga mama yake. "Mdogo hamuulizi mkubwa neno la wafu, fundi. Huko kwenu Ambositra mnaulizana?"

"Kwetu pia hatuulizani," alikiri.

Lisy ndiye aliyemmalizia habari jikoni, anachambua mchele. Baba alipokufa, simu ya maandishi ilichelewa na Voahirana hakuwahi maziko. Mtoto aliyekosa maziko hajipeleki mwenyewe kwenye kaburi la baba. Hungoja aitwe na wale waliozika. Na aliyezika ni Bakoly. Na Bakoly ni mdogo, hamwiti mkubwa.

"Kwa hiyo huyu anamngoja yule aseme," Zefania alisema polepole, "na yule anamngoja huyu amwite."

"Wanaandikiana kila mwezi," Lisy akasema. "Karatasi nne, tano. Hali ya hewa, bei ya vitu, nani kazaa. Barua tamu. Neno lenyewe hawaligusi."

"Na hili wewe ulilijua siku ile tunapeana mikono?"

"Wewe uliuliza baba ana miaka mingapi kaburini. Hukuuliza nani ana funguo." Lisy alipuliza makapi. "Nikadhani mfanyabiashara mkubwa kama wewe amefikiria."

Zefania aliondoka siku hiyo akiapa harudi. Alikuwa ameshatia nyuzi, sufu, gundi, na siku zake kadhaa. Mtu mwenye akili anakata hasara na kwenda zake. Mwezi wa kumi ulipofika alijiambia kwamba kuiacha piano sasa ni kutupa alichokwisha kutia. Akapanda ngazi. Ndivyo watu wenye akili wanavyofilisika.

*

Katika miaka hiyo Bakoly alitunga vipande vitatu vingine. Cha tisa alikiita "Mlango wa Magharibi", cha kumi "Ukungu wa Juni". Cha kumi na moja, alichokipenda kuliko vyote, kiliitwa "Foleni", kwa sababu alikitungia kichwani akiwa amesimama kwenye foleni ya mchele, kikapu mkononi, hatua moja, kusimama, hatua moja, kusimama. Aliandika asubuhi kabla ya shule, kwa penseli, kwenye karatasi alizozipigia mistari mwenyewe maana zenye mistari hazikupatikana. Alipomaliza ukurasa aliupiga nusu yake ya chini, uso umegeukia kulia.

Zefania alikuwa anayasikia yote hayo kichwa chake kikiwa ndani ya piano. Hakupenda kusema kwamba alikuwa anasikiliza; yeye alisema anakagua nyuzi. Lakini katika "Foleni" palikuwa na mahali ambapo mikono ya Bakoly inasimama kabisa. Anaiinua, anahesabu kimoyomoyo pigo thelathini na mbili, midomo inacheza, kisha anaendelea. Pigo zile zote zilikuwa za Voahirana. Zefania alianza kuzingoja. Akiwa barabarani, anabishana na wapagazi, anakula maandazi ya mchele asubuhi, zinamjia zile pigo thelathini na mbili tupu, naye anazijaza kwa kila alichoweza kukiwazia: mvua ya mawe, kengele za Jumapili, tarumbeta. Hakuna kilichokaa.

"Mama, pale katikati ya 'Foleni' yeye anapiga nini?" aliuliza siku moja, kana kwamba anauliza bei ya nyanya.

"Ukisikia utajua."

"Si unigusie tu mara moja, na mkono wa kulia unao."

"Nikipiga mimi, itakuwa nimepiga mimi."

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na moja, mwaka wa migomo na maandamano, Zefania alikuwa anakaza sauti za juu kabisa. Kawaida ya nyumba ile ilikuwa hivi: akigusa sauti ambayo haijakaa sawa, Bakoly hulalamika popote alipo, hata bafuni. "Hiyo bado, fundi." Siku hiyo alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, anasoma gazeti. Zefania alipiga kibao cha mwisho, kilichoharibika vibaya. Kimya. Akapiga tena, kwa nguvu. Bakoly akafunua ukurasa wa gazeti.

Zefania akaenda jikoni. "Tangu lini?"

Lisy aliinamisha kichwa. "Tangu Pasaka. Kengele ndogo ya mlango haisikii. Ndege haisikii. Sisi tukimwongelesha anatusikia vizuri. Na ukimwambia nimekwambia atanifukuza, na kwa umri wangu huu nani ataniajiri, wewe?"

"Nikuajiri unitukane bure?"

Lakini hakucheka. Alirudi sebuleni akamaliza kazi. Masikio yale yalikuwa yanafungwa kuanzia juu, na juu ndiko alikokaa Voahirana. Mwaka mmoja, miwili, Voahirana angeweza kuja na kupiga mpaka vidole vitoke damu, na Bakoly angeona vidole tu.

Zefania alijieleza mwenyewe kwa njia anayoielewa: sharti la mkataba ni kwamba dada wawili wapige, asiyesikia hatapiga, wasipopiga, piano haitoki. Kwa hiyo ni mali yake inayoungua. Akamwomba Lisy bahasha moja kuukuu yenye anwani, akanunua karatasi, akaandika.

"Mama Voahirana. Mimi ni fundi wa piano ya nyumbani kwenu. Katika ukoo wenu mimi si mkubwa wala si mdogo wa mtu, kwa hiyo hakuna adabu ninayoivunja. Mdogo wako hakuiti kwa sababu ni mdogo. Wewe huji kwa sababu hujaitwa. Basi mimi nakuita. Amekutungia vipande kumi na kimoja na anavipiga nusu. Masikio yake yanakwenda, yameanzia upande wako. Ukija mwaka kesho labda utamkuta. Mwaka wa pili usijisumbue, bakia na nauli yako."

Aliisoma mara moja, akaona haina mapambo, akaitia posta kabla hajabadili nia.

*

Hakupata jibu. Mwezi wa tano alikuwa juu ya kifua cha piano, Bakoly akaingia na karatasi ya simu mkononi, ameishika mbali na mwili kama kitu cha moto.

"Dada mkubwa amesema neno," alisema. "Anakuja Agosti. Anasema mnajimu atafute siku ya baba." Alikaa kwenye benchi, kushoto. "Imemjiaje ghafla hivi?"

"Watu wazima hukumbuka mambo, mama," Zefania akasema kutoka ndani ya piano.

Wiki ya mwisho ya Julai alikuja bila kuitwa, akakaa siku mbili. Alizitoa nyundo za sauti za juu moja moja, akaipaka sufu yake vanishi nyepesi, akaiacha ikauke mpaka ikawa ngumu kama ukucha. Nyundo iliyo hivyo hailii kwa utamu. Inagonga kama kijiko kwenye glasi, na sauti yake inapenya. Fundi mwingine angemwita mharibifu.

"Hiyo ni ya nini?" Bakoly akauliza.

"Hali ya hewa, mama."

Voahirana alishuka kwenye teksi akiwa na koti refu na fimbo, miaka sitini na minne, mnene kidogo, macho yaleyale ya Bakoly. Dada wawili hawakukumbatiana mlangoni. Bakoly alimwamkia kama mdogo, Voahirana akaitikia kama mkubwa, kisha wakasimama wanatazamana mikono. Zefania alikuwepo, ati kukagua kanyagio. Baadaye Voahirana alimkuta koridoni.

"Wewe ndiye yule mshenzi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umeniandikia kama mtu anayedai kodi ya nyumba."

"Lakini umekuja."

"Nimekuja," Voahirana alisema, na sauti yake ikapungua. "Miaka kumi na mitano nilingoja mstari mmoja tu. Sikujua ningeletewa na fundi."

Baba yao alitolewa kaburini huko Ilafy, nje ya mji, siku ya Alhamisi, siku iliyochaguliwa na mnajimu. Zefania alialikwa, akala wali wa mafuta na nyama ya nguruwe mpaka akafungua mkanda. Tarumbeta zilipiga, watu wakacheza, na walipomlaza marehemu magotini kwa binti zake kumfunga hariri mpya, Voahirana aliinama akasema, "Baba, nilichelewa." Bakoly alikuwa ameshika upande wa pili wa shuka. Alivuta, akakaza, akafunga fundo. Hakusema kitu, maana mkubwa alikuwa ameshasema.

Walipiga kwa siku tatu, alasiri. Zefania alikuja na wapagazi sita siku ya tatu, kama walivyokubaliana, akawaambia wakae ngazini na atakayekohoa hana ujira. Mlango ulikuwa wazi. Voahirana alikaa upande wa kulia wa benchi, akaweka miwani.

"Umeniandikia kama mtu mwenye vidole kumi na viwili," alilalamika.

"Ulikuwa navyo."

"Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, we mtoto. Sasa nina baridi yabisi na vidole vinane."

"Basi piga na vinane."

Wakacheka, kicheko kimoja katika vinywa viwili, kisha wakapiga. Voahirana hakuwa ameacha. Kule Toulouse alikuwa amefundisha watoto wa majirani miaka thelathini. Alikosea hapa na pale, akajisonya, akaendelea. Nusu ya chini ambayo Zefania aliijua kama njia tupu sasa ilikuwa na mtu anayetembea juu yake. Ilipofika "Foleni", na mikono ya Bakoly ikainuka, Zefania alishika ukuta.

Zilikuwa sauti tatu tu. Tatu, zinashuka polepole, zinarudiwa, kama mtu anayeita jina la mwenzake kutoka chini ya ngazi bila kutaka majirani wasikie. Katika miaka yote ile hakuwahi kuwazia kitu kidogo hivyo. Mpagazi mmoja alimtazama usoni, akageuka upesi kutazama mji.

Walipomaliza, Voahirana alivua miwani. Kisha akauliza, "Umesikia?"

"Nimesikia yote," Bakoly akasema.

Zefania alijua kwamba sauti za mwisho kabisa, hata kwa nyundo zilizopakwa vanishi, hazikuweza kumfikia. Lakini mteja akisema mzani uko sawa, huupimi mara ya pili.

Aliingia. Alikuwa amekuja kuchukua chake, na bado aliona ulimi wake unasema jambo ambalo hakulipanga. "Mama, naweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Sina haraka."

"Mwaka wa nini?" Bakoly aliuliza. "Tulikubaliana, fundi. Waite watu wako." Akawashikia mlango mwenyewe, akawaelekeza wapite wapi wasigonge nguzo.

*

Hoteli iliichukua piano, na kwa bei ambayo Zefania aliingoja miaka tisa. Alinunua lori. Mambo yake yalimnyookea tangu hapo, na hakuna mtu Antananarivo anayeweza kusema alipata hasara katika biashara ile.

Voahirana alirudi Toulouse mwezi wa tisa. Bakoly alimpa karatasi zote za upande wa juu akajizoeze. Yeye alibaki na za chini. Mwaka uliofuata walipigiana simu, Voahirana akilalamika kwamba kwake mvua haikatiki, Bakoly akimwambia aongeze sauti. Hakuja tena. Safari moja ilikuwa imetosha kulipa deni la kaburi, na magoti yake hayakuwa na nyingine.

Zefania alikutana na Bakoly baada ya miaka miwili, nje ya kanisa, ametoka kufundisha kwaya ya watoto. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo na anacheka kwa urahisi. Ilibidi mtu asimame mbele yake na kusema polepole.

"Mama, cha kumi na mbili kinaendeleaje?"

"Cha kumi na mbili kipi?"

"Kipande. Unatunga nini siku hizi?"

Bakoly alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa mahali alipoweka mwavuli. "Situngi," alisema. "Nimtungie nani, fundi? Aliyekuwa mbali amekuja." Akampiga begani kwa upole, akaenda zake nyuma ya watoto.

Hakuandika tena mpaka alipofariki. Alipata siku tatu alizozingoja miaka thelathini na miwili, akashiba, na aliyeshiba hapiki. Zefania alipata piano, na lori, na zile sauti tatu, ambazo tangu azijue hazimjii tena barabarani kama zilivyokuwa zikimjia alipokuwa hazijui. Watu waliojua habari ya barua wamewahi kumuuliza kama anajuta. Yeye husema hajuti, angeiandika tena neno kwa neno. Ila siku ile ya kupeana mikono angeongeza sharti moja: kwamba kabla dada mkubwa hajafika, kuwe na kipande kimoja kingine mezani, kimeanzwa, hakijaisha.